Kilo Moja na Nusu Mlimani

Kutoka mji wa Katesh hadi kilele cha Mlima Hanang, mita 3,420 juu ya usawa wa bahari, mpandaji hujiinua takribani mita 1,700. Mlima ni hifadhi ya misitu na hakuna anayeruhusiwa kuwinda huko, lakini unafaa kupimia swali linalowasumbua wawindaji wa milimani duniani kote: bunduki iwe nyepesi kiasi gani?

Tuseme mmoja amebeba bunduki ya kilo 4, karibu sawa na Mauser ya mwaka 1898, na mwenzake amebeba ya kilo 2.5. Kuinua ile kilo moja na nusu ya ziada hadi kileleni ni kazi ya jouli 25,000. Misuli hupoteza karibu robo tatu ya nishati yake kama joto, kwa hiyo mwili utachoma kama jouli 100,000. Hiyo ni nishati ya kijiko na nusu cha sukari ya chai.

Kumbe kinachookolewa si chakula. Ni bega linaloning'iniza mzigo upande mmoja muda wote, mkono unaotakiwa ushike mwamba, na pumzi ya mtu anayefika juu akihema na kukuta mbuzi mawe amesimama jabalini kwa sekunde chache tu. Ndiyo maana wengi hupendelea bunduki ya bolti, ile ambayo mpigaji hufungua na kufunga komeo kwa mkono kila baada ya risasi. Vipande vyake ni vichache, na uchache huo ni wepesi tayari. Kinachobaki hupunguzwa kwa mtutu mwembamba na kitako cha nyuzi za kaboni badala ya mbao. Kampuni ya Kimber ya Marekani imewahi kutengeneza moja ya kilo 2.2 hivi, bila darubini.

Gharama yake hulipwa begani. Chukua risasi ya gramu 9.7 inayotoka mtutuni kwa mwendo wa mita 850 kwa sekunde, na gesi ya baruti ikiifuata nyuma. Bunduki ya kilo 4 itarudi kwa mita 3 kwa sekunde na kumpiga mwenyewe kwa jouli 18. Ile ya kilo 2.5, kwa risasi hiyohiyo, itarudi kwa karibu mita 5 kwa sekunde na jouli 29. Mtu akishapigwa hivyo mara kadhaa, mwili hujifunza kujikunja na jicho kufumba kabla kidole hakijamaliza kazi, na risasi huenda kusikotakiwa. Isitoshe, kitu chepesi hutikiswa kwa urahisi na mapigo ya moyo, na mtutu mwembamba huchemka upesi. Anayenunua wepesi bila kupunguza ukubwa wa risasi amenunua nusu ya bidhaa.

Walter Bell alilielewa hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mskoti huyo, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya safari zake Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki za bolti zenye risasi za milimita 7 tu, na wengine kwa zile za milimita 6.5. Aliichunguza miili ya tembo mpaka akajua ubongo uko wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Leo kanuni za Tanzania zisingemruhusu: tembo na nyati huwindwa kwa bunduki ya .375 au zaidi, yaani risasi ya milimita 9.5. Ni kanuni ya busara, kwa sababu wawindaji wengi hawana shabaha ya Bell.

Lakini silaha nyepesi kuliko zote hizo iko Mbulu, jirani na Hanang, katika vilima vya Yaeda Chini na Mongo wa Mono. Upinde wa Mhadzabe, mwindaji wa vilima hivyo, kwa kawaida haufikii kilo moja. Hutengenezwa kwa mti wa jamii ya mkole, na ugwe wake ni kano za wanyama. Hauhitaji darubini wala baruti, ila unadai misuli: kuuvuta ni kama kuinua kilo 30 hivi, kwa mikono inayotakiwa isitetemeke. Hapo ndipo uzito uliopunguzwa ulipohamia.

Hata ukivutwa vizuri, mshale hubeba nishati isiyofika jouli 100, wakati ile risasi ya gramu 9.7 hutoka na jouli 3,500. Pengo hilo huzibwa na kemia. Kwa wanyama wakubwa, chembe cha chuma, ambacho mara nyingi hupatikana kwa wahunzi wa Kidatoga au hufuliwa kutokana na msumari, hupakwa sumu ya adeniamu, mti mnene wa maua mekundu, au ya strofanthasi. Sumu za mimea hii huzuia pampu ndogo zinazosukuma sodiamu na potasiamu kwenye seli za moyo. Mapigo huvurugika, na hatimaye moyo husimama.

Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliionja nguvu hiyo bila kukusudia alipokuwa Zambezi na Livingstone: mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu ya mishale, na alipoutumia mapigo yake yakapungua. Kutokana na strofanthasi ya huko madaktari wa Ulaya walipata dawa ya moyo.

Sumu haifanyi haraka. Mnyama aliyechomwa hukimbia, na kwa kawaida Mhadzabe hamfukuzi papo hapo, maana mnyama asiyefukuzwa hatafika mbali. Huutazama mshale uliodondoka, damu na upande wa nyayo, kisha hungoja, pengine hadi kesho yake. Akimkuta amekufa, nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa. Baada ya hapo kuna, tuseme, tandala dume wa kilo 200 na ushei katikati ya mawe, na mwindaji hurudi kambini kuwaita watu waje wabebe. Mnyama akiwa mkubwa zaidi, mara nyingine kambi nzima huhamia alipoangukia.