Komredi, utafiti wako wa muguka umeuficha wapi?

Simama Makutano, hapa Meru mjini, uangalie magari ya miraa yanavyopita kama yanakimbizwa. Kisha toa simu utafute yaliyoandikwa kuhusu huo mmea. Kitabu kinachojulikana sana kuhusu miraa ya Kenya ni cha Mwingereza, Neil Carrier, na kilichapishwa na kampuni ya Uholanzi, Brill, mwaka wa 2007. Kazi safi, sina ubishi. Swali langu ni moja tu: ile tasnifu yako ya Igembe ama Mbeere, uliyolipia kuchapishwa na kufungwa jalada gumu, iko wapi?

Najua iko wapi. Iko kwenye rafu, ama kwa flashi iliyopotea.

Usidhani hii ni shida ya maprofesa pekee. Januari 2013, baraza linaloshauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilipitia utafiti uliopo na kusema ushahidi wa kuharamisha miraa hautoshi. Serikali ikaipiga marufuku hata hivyo, Juni 2014, na soko la mkulima wa Maua likafungwa. Kwa hivyo sikudanganyi ati utafiti hushinda siasa kila mara. Lakini angalau ule uliopatikana ulisomwa na kuwekwa mezani. Uliofichwa hata nafasi ya kushindwa haupati.

Mei 2024 ikawa zamu ya muguka. Mombasa na Kilifi zikaupiga marufuku, Embu ikawaka, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo kwa muda. Upande mmoja ulilia afya ya vijana, mwingine ukalia karo na unga. Katika vita kama hivyo, karatasi inayofunguka kwa simu ndiyo inayobishana. Ya kabatini haibishani na mtu.

Mimi chuo niliacha katikati, lakini mkate wangu ni blogu, na blogu isiyopatikana Google haina mkate. Mbinu zenyewe si za uchawi.

Kwanza, majina. Wewe umeandika "muguka". Mtafiti wa Oslo anatafuta "khat". Mwenzake wa mimea anatafuta "Catha edulis". Wa Nairobi anaandika "miraa". Yote yaingie kwenye kichwa, ikisiri na maneno muhimu, pamoja na mahali: Mbeere, Embu, Kenya. Kichwa cha mafumbo kinafurahisha lekcha wako, basi.

Pili, hazina ya kidijitali ya chuo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko nayo, Chuo Kikuu cha Embu pia. Uliza maktaba kama kazi yako imepandishwa, na kama inafunguka yote ama ikisiri peke yake. Makala ya jarida nayo isikutishe: wachapishaji wengi huruhusu uweke nakala iliyokubaliwa, ingawa wengine hutaka usubiri miezi kadhaa. Soma masharti.

Tatu, jina lako mwenyewe. Hapa Meru kina J. Mwenda ni wangapi? Mitambo ya kuhesabu marejeleo haijui tofauti. ORCID, iliyoanza 2012, hukupa nambari ya tarakimu 16 isiyo ya mtu mwingine, na hulipi chochote. Ukibadilisha chuo ama jina, nambari inabaki.

Nne, chunga majarida ya matapeli. Barua pepe inakusifu, inataka dola, inaahidi kuchapisha wiki hii hii. Hakuna anayekagua kazi hapo, na wasomi makini hawairejelei. Afadhali jarida dogo lenye wahariri unaoweza kuwatambua. AJOL imekusanya majarida ya Afrika tangu 1998, anzia huko. Na tafadhali, mchezo wa "nirejelee nikurejelee" uache. Idadi itapanda, lakini hakuna atakayekuwa amejifunza kitu.

Mwisho, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Matokeo ni yapi, yanamhusu nani, afanye nini. Upeleke kwa redio, kwa chama cha wakulima, kwa afisa wa kilimo. Mwanahabari akikuelewa atakutaja, na mtafiti mwingine atakufuata kutoka hapo.

Kumbuka yule mama wa Siakago ama mzee wa Laare aliyeacha kuchuma ili ajibu maswali yako arobaini. Hukumlipa. Alikuamini kwamba maneno yake yatafika mahali. Wakati mwingine gavana ama waziri atakapoamua kuhusu shamba lake, maneno hayo yawe yanapatikana. Jioni hii tafuta jina lako pamoja na kichwa cha kazi yako. Usipojiona, jumatatu asubuhi uko maktaba.