Kwelea kwelea kala mpunga wako? Damu yake inaweza kukwambia

Mpunga ukishaanza kushika maziwa, mkulima wa Mombo kule Korogwe hana raha. Alfajiri yuko shambani kuamia ndege, makopo na kelele mpaka jua lizame.

Ana haki ya kuhofu. Kwelea kwelea ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini anaweza kula mpaka gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja ni tani 10 hizo, kwa siku moja tu!

Dawa iliyozoeleka ni kupulizia sumu kwa ndege (ile ya injini) pale wanapolala. Shida ni kwamba sumu haichagui. Mwewe akila kwelea aliyepuliziwa, naye anakufa. Kwa hiyo ni vizuri kujua kwanza: hawa wanakula mpunga kweli, au mbegu za nyasi porini?

Hapo ndipo isotopu zinapoingia. Usiogope neno. Kaboni iko ya kawaida na iko nzito kidogo, na hii nzito haina mionzi wala madhara. Mpunga, maharage na mihogo huchukua kidogo ile nzito. Mahindi, mtama na nyasi nyingi za nchi za joto huchukua zaidi. Kwenye mizani ya maabara mpunga husoma karibu -27, mahindi karibu -12. Ndege anayekula punje hizo hubeba alama ileile mwilini, ikisogea kidogo tu.

Sasa upime nini? Majimaji ya damu hueleza mlo wa siku chache zilizopita, chembe za damu mlo wa wiki kadhaa. Unyoya ukishakua haubadiliki tena, na kwelea huhama akifuata mvua, kwa hiyo unaweza kukusimulia habari za mkoa mwingine kabisa. Kwa kesi ya mpunga wa wiki hii, chukua damu. Unyoya ni mzuri kwa safari: mwaka 2000 watafiti walitumia manyoya ya ndege wadogo wa Skandinavia kuonyesha kwamba makundi mawili hukaa sehemu tofauti za Afrika wakati wa baridi ya kwao.

Kuna mtego mmoja. Mdudu aliyekula majani ya maharage naye husoma kama mpunga. Ndiyo maana hupimwa na nitrojeni pia, kwani ile nzito hupanda kwa takriban 3 kila mla anapoliwa na mwingine.

Na Handeni? Pale kipimo kinakwama. Mtama na mahindi husoma sawa na nyasi za porini, mashine haiwezi kuvitofautisha. Mkulima wa mtama akitaka ushahidi, itabidi ndege apasuliwe na punje za tumboni ziangaliwe moja moja.