Unataka projekta kwa hela ndogo? Anza kwa kununua giza

Senta za machimbo kuanzia Kakola hadi Katoro na Nyarugusu hazikosi kibanda umiza. Kuta za mabati au maturubai, mabenchi ya mbao, king'amuzi, spika mbili, na kiingilio kinacholipwa mlangoni. Simba na Yanga wakikutana, watu wanabanana humo mpaka jina "umiza" halihitaji maelezo.

Sasa tuseme vijana wanne wametoka na hela kidogo baada ya msimu mzuri duarani. Wanataka kufungua kibanda chao, au mmoja wao anataka sinema ya nyumbani pale Kahama kwa ajili ya familia. Dukani wanaona mambo mawili: televisheni ya inchi 43, na projekta ndogo ambayo muuzaji anasema inatoa picha ya inchi 120. Eneo la picha ya inchi 120 ni karibu mara 8 ya lile la inchi 43. Nani atakataa? Tatizo ni kwamba wakikosea, hela ya msimu mzima inakwenda, na saa kumi jioni mechi inapoanza wateja wanaona ukuta wenye ukungu ukungu.

Fizikia inayoamua jambo hili ni ya kidato cha nne tu. Twende nayo taratibu.

Namba ya kwenye boksi

Mwanga unaotoka kwenye projekta hupimwa kwa lumeni. Kuna kipimo kinachoaminika, ambacho kwenye maboksi huandikwa "ANSI lumens" au hutaja kiwango cha kimataifa cha ISO 21118. Ukutani hupimwa sehemu 9 za picha nyeupe, wastani unachukuliwa, kisha unazidishwa kwa eneo la picha. Hicho ndicho kinachokufikia wewe mtazamaji.

Lakini maboksi mengi ya projekta za bei nafuu huandika "9000 lumens" bila neno lolote la ziada. Mtihani wa kwanza ni kugeuza mashine na kusoma inatumia wati ngapi. Tuseme ni wati 60 na taa yake ni ya LED. LED nyeupe nzuri hutoa kama lumeni 120 kwa kila wati, kwa hiyo hata wati zote 60 zingeenda kwenye taa, tungepata lumeni 7,200. Mwanga huo sasa unapita kwenye kioo cha LCD. Kichujio cha kwanza, kile cha kunyoosha mawimbi ya mwanga upande mmoja, kinakula nusu au zaidi: zinabaki 3,600. Vichujio vya rangi nyekundu, kijani na bluu hupitisha karibu theluthi: zinabaki 1,200. Bado kuna mipaka myeusi kati ya nukta na nukta, vioo vya ndani, lenzi, na feni inayokula sehemu ya hizo wati. Mwishoni ukutani zinafika lumeni mia kadhaa tu. Ile 9,000 haikuwahi kuwezekana.

Ukitaka kuhakikisha, simu yako inatosha. Pakua programu ya kupima luksi, washa projekta ionyeshe ukurasa mweupe ndani ya chumba chenye giza, weka simu ukutani ikiangalia projekta, pima sehemu 9 na utafute wastani. Luksi 1 ni lumeni 1 iliyotandazwa kwenye mita 1 ya mraba. Ukipata wastani wa luksi 90 kwenye picha ya inchi 100, ambayo eneo lake ni mita za mraba 2.76, basi projekta inatoa lumeni kama 250. Kipimo cha simu si cha maabara, lakini kinatofautisha 250 na 9,000 bila shida. Muuzaji anayekataa usipime, amekwishakujibu.

Projekta haiwezi kurusha weusi

Hapa ndipo wengi hawapatilii maanani. Televisheni ikitaka kuonyesha nyeusi, inafifisha au kuziba mwanga wake na unaona kioo cheusi. Projekta ikitaka kuonyesha nyeusi, inaacha kumulika mahali pale, basi. Rangi unayoiona hapo ni ya ukuta wenyewe, kwa mwanga wowote uliomo chumbani. Kama mlango uko wazi na ukuta unaonekana wa kijivu, nywele za mchezaji zitakuwa za kijivu. Hakuna projekta ya bei yoyote inayoweza kukwepa hilo.

Tufanye hesabu. Picha ya inchi 120 ina upana wa mita 2.66 na urefu wa mita 1.49, eneo lake karibu mita za mraba 4. Chukua kibanda chenye mabati yenye matundu na mlango wa pazia jepesi, ambamo mchana mwanga wa luksi 100 unafika ukutani.

Projekta ya lumeni 3,000 inaongeza luksi 750. Sehemu nyeupe inakuwa na 850, nyeusi ina 100. Nyeupe ni mara 8.5 ya nyeusi. Picha inatazamika.

Projekta ya lumeni 300 inaongeza luksi 75. Nyeupe ni 175, nyeusi ni 100. Tofauti haifiki hata mara 2. Hapo ndipo wateja wanaanza kudai kiingilio chao.

Sasa chukua projekta ileile dhaifu, lakini ziba matundu mpaka mwanga unaovuja ushuke hadi luksi 5. Nyeupe inakuwa 80, nyeusi 5: mara 16. Umeona? Projekta ya lumeni 300 kwenye giza imeishinda ya lumeni 3,000 kwenye kibanda kinachovuja mwanga. Haina mng'ao mkubwa, lakini ina weusi, na weusi ndio unaofanya macho yaseme "hii ni picha". Pazia zito, maboksi bapa na kopo la rangi nyeusi havifiki hata robo ya bei ya projekta kubwa. Ndiyo maana tunasema nunua giza kwanza.

Giza lina gharama yake, hata hivyo. Kibanda cha mabati kilichozibwa saa tisa mchana kinageuka tanuri. Dawa ni kukumbuka kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, ila hewa inakata kona. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, kisha weka ubao wa pili mbele yake uliopishana na ule wa kwanza, na upake rangi nyeusi upande wa ndani. Hewa itapita, mwanga utagonga ubao na kuishia hapo. Na mlango wa dharura usifungwe kwa kufuli eti kwa sababu ya giza. Watu mia moja ndani ya turubai si jambo la kufanyia mzaha.

Hesabu ya ukuta wako

Kumbi za sinema hulenga mwangaza wa kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Kwenye ukuta mweupe usiong'aa hiyo ni sawa na luksi 150 hivi. Basi chukua eneo la picha, zidisha kwa 150, utapata lumeni za kweli unazohitaji usiku. Kwa inchi 100 ni kama lumeni 415. Kwa inchi 120 ni kama 600. Chini ya hapo bado utaona, ila punguza picha: ukitoka inchi 120 kwenda 85, eneo linapungua kwa nusu na mng'ao unaongezeka mara mbili, bure kabisa.

Mechi nyingi za ligi yetu huanza saa kumi jioni, na Shinyanga jua huzama ikikaribia saa moja. Kwa hiyo mwenye kibanda asipige hesabu ya usiku peke yake. Anayetazama filamu nyumbani baada ya chakula cha jioni ana mzigo mwepesi zaidi.

Pima pia urefu wa chumba. Kila lenzi ina uwiano wa umbali na upana wa picha, na huandikwa kwenye kijitabu chake. Uwiano ukiwa 1.5, picha yenye upana wa mita 2.66 inahitaji projekta ikae mita 4 kutoka ukutani. Kama chumba chako kina mita 3, inchi 120 utaisikia tu.

Nukta za kweli

Maboksi hupenda kuandika "supports 1080p". Maana yake ni kwamba mashine inaipokea video ya kiwango hicho. Haisemi itaionyesha kwa nukta ngapi. Tafuta maneno "native resolution". Mashine ya 800 kwa 480 ina nukta 384,000. Ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, zaidi ya mara 5.

Kwenye picha yenye upana wa mita 2.66, nukta ya mashine ya kwanza ina milimita 3.3. Jicho zima la binadamu, likiwa mita 4 kutoka ukutani, huweza kutenganisha vitu vyenye ukubwa wa kama milimita 1.2. Kwa hiyo nukta utaziona, na matokeo yaliyoandikwa kwenye kona ya picha utayasoma kwa kukunja macho. Kwa mpira, usishuke chini ya 1280 kwa 720.

Umeme

Kambi nyingi za wachimbaji wadogo hutegemea sola au jenereta. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya asidi ikiwa inatumiwa zaidi ya nusu kila siku hufa mapema. Bakiza 600, ondoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 510.

Projekta ya taa ya zamani yenye wati 300, pamoja na king'amuzi na spika za wati 60, inamaliza betri kwa dakika 85. Ukitoa kipindi cha kwanza na mapumziko, mechi inazimika dakika ya 70 hivi. Projekta ya LED ya wati 60 na vifaa vilevile inakwenda zaidi ya saa 4, yaani mechi mbili. Kama unalipia mafuta ya jenereta, hesabu ni hiyohiyo.

Vumbi, na zebaki tena

Projekta hupozwa kwa feni, na feni huvuta hewa pamoja na chochote kilichomo. Kwenye senta yenye makarasha, kilichomo ni unga wa mawe. Mashine za LCD zina njia ya mwanga iliyo wazi zaidi, hivyo vumbi likipenya huonekana kwenye picha kama madoa. Nyingi za DLP, ambazo hutumia kioo kidogo chenye vijioo vingi sana vinavyojigeuza, huwa na sehemu hiyo iliyozibwa vizuri zaidi. Zina kasoro yake: baadhi huongeza mng'ao wa rangi nyeupe kuliko wa rangi nyingine, na uwanja wa kijani unafifia. Ijaribu kwa mechi, usitosheke na ukurasa mweupe.

Safisha kichujio kila wiki. Lenzi usiifute kwa fulana, kwa sababu unga wa mwamba wenye dhahabu una kwazi, na kwazi ni ngumu kuliko vioo vingi. Pulizia kwanza. Usifunike matundu ya hewa kwa nailoni eti kuzuia vumbi, utaichoma.

Projekta ya ofisini iliyotumika inaweza kuwa na lumeni 3,000 za kweli kwa bei nzuri, na ni chaguo zuri kwa mwenye umeme wa uhakika. Ila fungua menyu usome saa ilizotumika taa. Taa za aina hiyo hudumu saa 3,000 hadi 5,000 hivi. Yenye uhai wa 4,000 ikiwa imeshatumika 3,000, kwa saa 5 kila siku imebakiza siku 200. Uliza bei ya taa mpya kabla ya kulipia mashine. Taa hizo pia hazipendi kuzimwa ghafla zikiwa na moto, kwa hiyo umeme unaokatika katika unazimaliza mapema. UPS ndogo inasaidia. Na ndani yake mna zebaki, kidogo sana, ileile inayotumika kukamatia dhahabu. Ikipasuka, toeni watu na fungueni milango.

Basi uchague nini?

Kama chumba hakizibiki na unatazama zaidi mchana, nunua televisheni, usijidanganye. Kama una giza na unategemea sola, chukua LED yenye lumeni 300 hadi 600 ulizopima mwenyewe, na picha isizidi inchi 100. Kama una umeme wa gridi na wateja wa saa kumi jioni, tafuta ya ofisini iliyotumika, yenye taa changa, na uweke akiba ya taa ya pili tangu kiingilio cha kwanza.

Bakiza hela ya spika, maana zile za ndani ya projekta hazitoshi hata sebuleni, na uziunganishe kwa waya ili sauti isichelewe nyuma ya picha. Ukuta upake rangi nyeupe isiyong'aa, uzungushie mpaka mweusi. Ukitoza kiingilio, pita kwanza kwa afisa utamaduni wa halmashauri uulizie kibali.

Na kabla ya hayo yote, ingia kwenye kibanda chako saa kumi jioni, funga mlango, shika simu ukutani usome luksi. Namba hiyo haijaandikwa kwenye boksi lolote dukani, na ndiyo itakayoamua kama wateja watarudi wiki ijayo.