Kiharusi kwa Wazee: Kinachohesabiwa ni Saa, si Umri

Mzee akipinda mdomo ghafla au mkono wake ukikosa nguvu, baadhi ya jamaa husema ni uzee, wakamlaza na kusubiri kupambazuke. Kusubiri huko kunaweza kumnyima matibabu. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Dalili zikianza saa 2 asubuhi, muda huo unaisha saa 6 na nusu mchana.

Kwa nini lazima picha ipigwe kwanza?

Visa vingi vya kiharusi husababishwa na donge la damu. Vingine hutokea mshipa unapopasuka na damu kuvuja ubongoni. Kwa kumtazama mgonjwa tu, huwezi kujua ni aina gani. Dawa ya kuyeyusha donge, iitwayo alteplase, husaidia aina ya kwanza, lakini inaweza kumuua mwenye aina ya pili. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT scan kabla ya kudungwa.

Je, mzee wa zaidi ya miaka 80 anaweza kupewa?

Ndiyo. Kwa miaka mingi madaktari walisita kuwapa wazee hao. Utafiti wa IST-3 uliotolewa mwaka 2012 ulihusisha wagonjwa 3,035, zaidi ya nusu wakiwa wamepita miaka 80, na haukuonyesha kuwa wazee walinufaika kidogo kuliko wengine. Mwaka 2014 matokeo ya majaribio 9 yalijumlishwa: katika kila wagonjwa 100 waliodungwa ndani ya saa 3, takriban 33 walipona bila ulemavu mkubwa, ikilinganishwa na 23 kati ya wasiodungwa.

Hatari nayo ipo. Takriban wagonjwa 7 katika 100 waliodungwa walivuja damu vibaya ubongoni. Kwa hivyo daktari huuliza kuhusu upasuaji wa karibuni, presha na dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin.

Familia ifanye nini?

Kwa mkazi wa Rhonda au Kaptembwa, saa hizo huisha upesi: kutafuta gari usiku, kungoja jamaa, kuzunguka kliniki mbili tatu. Fanyeni hivi:

1. Mwambieni mzee atabasamu, ainue mikono yote miwili na aseme sentensi fupi. Uso ukipinda, mkono ukishuka au maneno yakikwama, ondokeni mara moja.
2. Andikeni saa ambayo mara ya mwisho alionekana mzima. Akiamka na dalili, muda huhesabiwa tangu saa hiyo, si tangu alipoamka.
3. Msimpe chakula, maji, aspirini wala dawa ya ziada ya presha.
4. Piga 1199, nambari ya bila malipo ya Msalaba Mwekundu, au tafuta gari. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye CT scan.
5. Bebeni dawa zake zote, kadi ya kliniki na kitambulisho.

Msiogope kwenda kwa kukosa pesa. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata muda ukipita, mpelekeni: bado anahitaji kupimwa, kulindwa asipaliwe na chakula, na kuanza mazoezi ya viungo.

Jiandaeni mapema

Mzee anapokwenda kliniki ya presha au sukari, muulizeni mhudumu ni hospitali ipi iliyo karibu yenye CT scan na dawa hii usiku na mchana. Andikeni jibu mahali ambapo kila mtu nyumbani ataliona. Na mzee asiache dawa za presha hata akijisikia vizuri, kwani presha ya juu ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi.