Upele Hutibiwa kwa Nyumba, Si kwa Mtu

Malalamiko ya wazazi kuhusu upele yanafanana: mtoto alipakwa dawa akapata nafuu, wiki chache baadaye akaanza tena kujikuna usiku kucha. Lawama huiangukia dawa, kwamba ni feki au wadudu wameizoea. Usugu upo, na kwa dawa ya kupaka ya pamethrini umeanza kuripotiwa, hasa Ulaya. Lakini kabla ya kufika huko, kuna swali la kuuliza kwanza: waliolala na mtoto huyo kitanda kimoja walipewa nini? Mara nyingi hawakupewa chochote, kwa sababu hawakuwa wakijikuna. Hapo ndipo tiba inapoharibika, maana mgonjwa wa upele ni nyumba nzima.

Anayesababisha maradhi haya ni utitiri mdogo mno, jike lake halifiki hata nusu milimita. Huchimba kijia chake kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kwa siku. Mwasho wenyewe unatokana na mwili kuukataa mwili wa mdudu, mayai yake na kinyesi chake, na kwa anayeambukizwa mara ya kwanza mwili huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kulalamika. Aliyewahi kuugua huanza kuwashwa ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo mtu anaweza kubeba wadudu zaidi ya mwezi, akawaambukiza wenzake, na ngozi yake ikabaki safi machoni. Kwa anayeumwa, tazama katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, makwapani, kiunoni, kuzunguka chuchu, makalioni na sehemu za siri. Ukiangalia karibu, penye mwanga wa jua, huenda ukaona kijistari chembamba kilichopinda, kirefu kiasi cha punje ya mchele au kifupi zaidi, chenye kipele mwishoni. Vipele vigumu kwenye uume au korodani, pamoja na mwasho unaozidi usiku, vitoshe kukutia shaka kubwa. Watoto wachanga hutokwa hata viganjani, kwenye nyayo na kichwani, na hapo ndipo wengi hupewa dawa ya fangasi au krimu ya steroidi, ambayo hutuliza mwasho na kumwacha mdudu akizaliana.

Wapo wanaosema upele ni uchafu, basi sabuni na maji ya moto yatamaliza kazi. Hoja hii imewaumiza watu wengi kwa aibu isiyo na msingi. Nchini Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtafiti Kenneth Mellanby aliwalaza watu wa kujitolea kwenye mablanketi yaliyotumiwa na wagonjwa, akawavisha na nguo za ndani za wagonjwa hao, na walioambukizwa walikuwa wachache sana. Kilichoambukiza ni ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kama watu wanavyolala pamoja. Kuoga ni kwema, ila hakumng'oi mdudu aliyekwisha kuchimba. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto au zifungwe kwenye mfuko kwa siku kadhaa, kwa kuwa nje ya mwili mdudu kwa kawaida hamalizi siku tatu. Nguvu kubwa iwekwe kwenye kuwapaka watu.

Na kupaka kwenyewe kuna utaratibu. Wote wa nyumbani, pamoja na dada wa kazi na mgeni anayelala hapo, wapakwe jioni moja, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, na chini ya kucha zilizokatwa. Mtoto mchanga apakwe na kichwani, kukwepa macho na mdomo. Anayenawa mikono apakwe upya. Pamethrini ya asilimia 5 hukaa usiku kucha, na hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. BBE, yaani dawa ya kupaka ya benzili benzoeti, huchoma, na kwa mtoto lazima ichanganywe na maji kwa kipimo atakachoelekeza mhudumu wa afya. Mafuta ya salfa yananuka, lakini yanawafaa wajawazito na watoto wachanga. Vidonge vya ivamektini haviui mayai, ndiyo maana dozi ya pili ni lazima. Wajawazito na watoto wasiofika kilo 15 hawapewi. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne baada ya wadudu kufa, na aliyeambiwa hivyo mapema hatajipaka kila siku hadi ngozi iungue. Vidonda vyenye usaha visipuuzwe, kwani bakteria wanaoingia hapo huweza kudhuru figo. Naye mwenye magamba mazito, hasa ambaye kinga yake imeshuka, apelekwe hospitali: anaweza kubeba maelfu ya wadudu, wakati mgonjwa wa kawaida hubeba kumi hivi.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama: kwa nini dawa imwendee asiyeumwa? Jibu zuri limetoka Fiji, katika utafiti uliochapishwa 2015. Pale walipotibiwa wagonjwa na watu wao wa karibu tu, upele ulishuka kutoka asilimia 36.6 hadi 18.8 kwa mwaka. Pale jamii nzima ilipopewa ivamektini, ulishuka kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9. Zanzibar nako, ivamektini iligawiwa kila mwaka kuanzia 2001 kwa ajili ya matende, na kumbukumbu za vituo vya afya zikaonyesha wagonjwa wa upele wamepungua sana, ingawa hawakuwa wamelengwa. Kwa hiyo maradhi yakishasambaa, nyumba ni duara dogo mno. Katika shule ya bweni duara hilo ni bweni zima, wapishi na walezi wakiwemo, na dozi zote mbili zikamilike kabla watoto hawajafunga shule na kwenda kulala na wadogo zao.