Si Wewe Uliyekosea, Ni Kibodi

Hatua chache kutoka Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Rwanda na Kongo, upande wa Gisenyi, kuna kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi ambacho nimekizoea. Wanaovuka kwenda Goma na nyanya, karoti na maziwa husimama hapo kutoa kopi ya kitambulisho, kupiga picha ya pasipoti au kuandikiwa barua. Kompyuta ni moja tu, laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Goma. Kibodi yake ni ya Kifaransa, ile ambayo safu ya juu ya herufi huanza na A na Z mahali ambapo wengine wana Q na W. Kijana mwenye kibanda alichoshwa na virusi vilivyoletwa na flashi za wateja, akaondoa Windows na kuweka mfumo wa Linux kwa msaada wa rafiki.

Mara ya mwisho nilipopita, printa yake mpya ilikuwa bado kwenye boksi. "Inakatala," aliniambia kwa Kiswahili cha Goma. Kila akitaka kuiunganisha, mashine humwomba neno la siri, akiliandika, halikubaliwi. Na ni neno lile lile lililofungua kompyuta asubuhi. "Pengine ni miye njo nakosea."

Hakuwa amekosea. Siku alipoweka Linux, programu ya usakinishaji ilimpendekezea kibodi ya Kimarekani, naye akabonyeza kuendelea. Akatunga neno la siri. Tuseme lilikuwa "amani". Alibonyeza vitufe vilivyoandikwa A, M, A, N, I, lakini mfumo, ukiamini kibodi ni ya Kimarekani, ulisoma "q;qni", kwa kuwa A ya Mfaransa imekaa penye Q ya Mmarekani, na M yake imekaa penye nukta-mkato. Hakuweza kuliona hilo, maana neno la siri huonekana kama vidoti vyeusi. Baadaye, alipoona herufi zinatoka ovyo kwenye barua za wateja, alibadilisha kibodi kuwa ya Kifaransa. Badiliko hilo lilifanyika ndani ya eneo lake la kazi tu. Skrini ya kuingilia ikabaki na kibodi ya zamani. Kwa hiyo mlangoni "amani" yake bado inasomwa "q;qni" na inapita. Ndani inasomwa "amani" sawasawa, na kwa sababu hiyo hiyo inakataliwa.

Kurekebisha kulichukua dakika chache: tuandike neno la zamani jinsi mfumo ulivyolisoma, tuweke jipya, kisha tuweke kibodi ya Kifaransa kwa mfumo mzima. Lililoniuma ni kwamba kwa miezi mitano mashine ile haikupokea sasisho hata moja la usalama, kwa kuwa masasisho nayo yalikuwa yakiomba neno la siri. Na kwa miezi hiyo mitano kijana huyu hakumwambia mtu yeyote.

Nimefikiri sana kuhusu ukimya huo, na naona maneno mawili ya hapa mpakani yanaueleza vizuri. La kwanza ni jina la kompyuta kwa Kinyarwanda, mudasobwa, yaani kile kisichokosea. Mtu akikaa mbele ya kitu kinachoitwa hivyo na mambo yakaenda mrama, kosa atalitafuta kwake mwenyewe. La pili ni ubuntu. Tangu Oktoba 2004 neno hilo limekuwa jina la mfumo mashuhuri wa Linux ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kule kusini maana yake ni utu. Lakini mtu wa Gisenyi akisema amepata kitu "ku buntu", anasema amekipata bure. Hadi mwaka 2011 Ubuntu ilikuwa ikitumiwa watu kwa posta, katika CD, bila malipo hata ya stempu. Na kitu ulichopewa bure unaona haya kukilalamikia. Basi mtumiaji wetu ananyamaza mara mbili: mashine haikosei, na hana cha kumdai aliyeitoa.

Yote mawili si kweli, na anayetengeneza distro anahitaji kusikia malalamiko hayo kuliko mtu mwingine yeyote. Distro ni mkusanyiko: kiini cha Linux, maelfu ya vifurushi vya programu kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, na programu ya usakinishaji inayovifunga pamoja. Kila kifurushi kinaweza kuwa kizima kikiwa peke yake na bado kikagombana na jirani yake. Katika kisa cha kibodi, skrini ya kuingilia ilikuwa nzima, na mipangilio ya eneo la kazi ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa katikati, na mtu pekee aliyesimama hapo katikati alikuwa mtumiaji.

Kuwasikiliza watumiaji hufanyika kwa njia mbili kubwa. Moja ni kuiacha mashine iseme. Debian, distro iliyoanzishwa mwaka 1993 na ambayo Ubuntu imejengwa juu yake, ina kifurushi kiitwacho popularity-contest. Ukikubali, kila wiki hutuma orodha ya vifurushi ulivyo navyo na kuonyesha ni vipi kati ya hivyo umevitumia karibuni. Hesabu hiyo ilitumika kupanga CD za Debian: vifurushi vinavyotumika zaidi viliwekwa kwenye CD ya kwanza. Mwaka 2018 Ubuntu nayo ilianza kuwauliza watu, mara baada ya usakinishaji, kama wangependa kutuma maelezo ya mashine zao, na kampuni ya Canonical, inayoitengeneza, ikatangaza kwamba asilimia 67 walikubali.

Njia hii ni nzuri, lakini tazama nani anahesabiwa. Anayeitegemea CD ya kwanza kuliko wote ni asiye na intaneti. Na asiye na intaneti ndiye asiyeweza kutuma orodha yake. Mpangilio wa CD yake ulipigiwa kura na watu wasioihitaji. Rwanda inalijua jambo hili kwa ukubwa wake. Tangu mwaka 2008 zaidi ya laptopu 200,000 za watoto aina ya XO zilisambazwa katika shule zake za msingi, zikiwa na Linux ya Fedora na sura ya kazi iitwayo Sugar. Shule nyingi wakati huo hazikuwa na intaneti, nyingine hazikuwa na umeme. Watoto wale walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya watumiaji wa Linux barani Afrika, na hesabu yoyote iliyotegemea mashine kujitangaza mtandaoni isingewaona.

Hata pale mtandao upo, mashine husema kidogo. Itasema ina kumbukumbu ya gigabaiti mbili na lugha yake ni Kifaransa. Haiwezi kusema kwamba kuna printa iliyolala kwenye boksi.

Njia ya pili ni mtu aseme mwenyewe, yaani ripoti ya hitilafu. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu ripoti nyingi hufa kwa kuandikwa vibaya. "Kompyuta yangu haifanyi kazi" haimsaidii mtengenezaji aliye Berlin au Bangalore. Anataka kujua ulifanya nini, ulitarajia nini, na kilichotokea ni nini, na kama hutokea kila mara au mara moja moja. Aongezewe jina la distro na namba ya toleo lake. Ya kibanda chetu niliiandika hivi: "Nilisakinisha nikiwa na kibodi ya Kimarekani. Kisha nilichagua kibodi ya Kifaransa katika mipangilio. Neno langu la siri linakubaliwa ninapoingia, linakataliwa ninapoongeza printa. Nilitarajia likubaliwe kote, au nionyeshwe kibodi ipi inatumika. Hutokea kila mara." Sentensi tano. Mtu anayezisoma anaweza kuketi kwenye mashine yake, afuate hatua hizo, na aione hitilafu kwa macho yake. Asipoweza kuiona, hawezi kuitibu.

Kuna swali la mahali pa kuipeleka. Chukua mfano wa saa. Mkazi wa Goma akiulizwa na programu ya usakinishaji yuko wapi, hutafuta Kongo na kukuta Kinshasa. Akiichagua, saa yake inabaki nyuma kwa saa nzima, kwa sababu Kinshasa iko saa moja mbele ya Greenwich na mashariki ya nchi iko saa mbili, sawa na Kigali. Inampasa achague Lubumbashi, mji ulio zaidi ya kilomita elfu moja kusini kwake. Kwa mfanyabiashara anayechunga saa ya kufungwa mpaka, hilo si jambo dogo. Lakini ukimlaumu anayetunza orodha ya kanda za saa za dunia, atakujibu kuwa orodha yake ni sahihi, na kweli ni sahihi. Wa kuambiwa ni anayetengeneza programu ya usakinishaji, aandike majina ya Goma na Bukavu mahali ambapo mtu atayaona.

Hitilafu za namna hii zina hatari ya kudharauliwa: haziangushi mfumo, hazipotezi faili. Mwaka 2009 Ubuntu ilianzisha kampeni ya kutafuta na kurekebisha kero ndogo mia moja, zile ambazo mtumiaji wa kawaida hukutana nazo kila siku na ambazo kuzirekebisha ni rahisi. Nafikiri ni moja ya mambo ya busara zaidi yaliyowahi kufanywa na distro yoyote. Kero nyingi hazikosi ufundi wa kuzirekebisha. Zinakosa mtu wa kuzitaja.

Na watu wa kuzitaja hawatakuja wenyewe, lazima wafuatwe. Nimejifunza kutouliza "Unaionaje?" Ukimuuliza mama aliyetua kapu la nyanya, kwa heshima atakwambia iko sawa, kisha ataendelea na safari yake. Mwombe badala yake afanye kazi halisi: achape barua, aweke picha kwenye flashi. Wewe kaa kimya. Tazama mkono unasita wapi. Mtafiti Jakob Nielsen, akitegemea hesabu aliyoichapisha na Thomas Landauer mwaka 1993, alieleza kwamba watu watano tu wanatosha kufichua matatizo mengi, takribani asilimia 85. Hapa Petite Barrière ningetaka watano wa upande huu na watano wa upande ule, maana kibodi tofauti na lugha tofauti huzaa matatizo tofauti.

Ujitambulishe pia. Mpakani mtu mwenye daftari na maswali hudhaniwa kuwa na mambo mengine kabisa. Sema wewe ni nani na majibu yanakwenda wapi. Usiandike jina wala namba ya kitambulisho, kwa sababu hitilafu ya kibodi haihitaji kujua jina la mtu. Tangu Oktoba 2021 Rwanda ina sheria inayolinda taarifa binafsi, na hata isingekuwepo, adabu ingetosha.

Lugha isiwe kizuizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba lugha yetu inabeba istilahi za kompyuta bila kupinda mgongo. Kama inaweza kubeba menyu, inaweza kubeba malalamiko. Mtu aandike kwa Kiswahili chake, cha Goma au cha Tanga. Mwenye Kiingereza atafsiri wakati wa kutuma. Wala bando si kikwazo kikubwa: ripoti za Debian hutumwa kwa barua pepe bila kufungua akaunti, hivyo unaweza kuiandika kibandani bila mtandao na kuituma siku utakapoupata.

Kwenye kibanda kile sasa kuna daftari la kuandikia hitilafu karibu na mashine ya fotokopi. Wewe unayetumia Linux, iwe Gisenyi, Goma au kwingine, weka la kwako. Mashine ikikukatalia kesho, usiseme umekosea kabla hujaandika ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea. Kisha mpe maandishi hayo mtu anayeweza kuyafikisha. Mimi hupita Petite Barrière kila mwisho wa mwezi, na nimeahidi kubeba kila mstari nitakaoukuta.