Jinsi Tulivyoitengeneza Mashua Kuukuu

Katika likizo ya Desemba nilikwenda Tanga kumtazama babu yangu. Yeye ni karani mstaafu, wala si mvuvi wa kazi. Huvua kwa mshipi siku za Jumamosi, kwa kujifurahisha na kupata kitoweo. Mashua yake ina urefu wa futi 16, nayo imenizidi umri maradufu. Siku ya kwanza tulipotoka, maji yalianza kupanda miguuni kabla hatujatia nanga. Nikafua maji kwa kopo, babu akavuta makasia, tukarudi pwani kimya. Jioni akasema, "Afadhali tuiuze iwe kuni." Nilitaabika sana, maana nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Nitalieleza hapa, pamoja na namna mashua ilivyotengenezwa, ili wenzangu wenye vyombo nyumbani wapate faida.

Kwanza, kupandisha chombo. Tulingoja bamvua, ambayo huja wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo huku kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Yalipojaa tuliisogeza mashua juu mchangani. Yalipokupwa ikabaki kavu, tukaitegemeza kwa magadi pande zote mbili isilale ubavu.

Pili, uchunguzi. Fundi hakutazama rangi. Alichukua kisu chenye ncha akachoma ubao mmoja mmoja. Ubao mzima hukikataa kisu, uliooza hukipokea. Karibu na shetri kisu kikazama mpaka mpini. Fundi akauliza, "Nani alipaka rangi hapa?" Ni mimi. Mwaka uliotangulia niliona mahali pale pamelainika, nikapapaka rangi mara mbili ili papendeze machoni pa babu. Nikakiri. Babu alinitazama, hakusema neno, akanipa patasi niubandue ubao ule kwa mkono wangu.

Fundi alinifahamisha kwamba maji ya chumvi hayaozeshi mbao upesi kama maji ya mvua. Mashua iliyoachwa wazi wakati wa masika hukusanya maji matamu pembeni, na hapo ndipo uozo huanza. Kwa upande wa chini adui ni mwingine, yule mdudu wa baharini atobowaye mbao. Wengi humwita mnyoo, lakini kwa kweli ni jamaa ya chaza. Ndiyo sababu wazee huwasha makuti chini ya chombo, moto ukapita upesi na kumwua mdudu bila kuunguza mbao.

Tatu, mbao na misumari. Tulikata uozo wote mpaka tukafikia mti mzima, tukatia ubao mpya wa mvule na mataruma mawili. Taruma huchongwa katika tawi lililopinda lenyewe, maana nyuzi za mti hufuata pindo, likawa na nguvu kuliko lililokatwa katika ubao ulionyoka. Misumari yote ilikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Fundi alikataa kuichanganya na ya shaba, kwa kuwa chuma na shaba vikigusana katika maji ya bahari, chuma huliwa upesi.

Nne, kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta husokotwa, ikashindiliwa kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti. Lakini isishindiliwe kupita kiasi: mbao zilizokauka zimesinyaa, nazo zikirudi majini huvimba, zikikosa nafasi zitang'oa misumari. Kisha tukapaka deheni chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Tano, nyongeza. Babu alitaka kufunga mashine ya nguvu za farasi 15. Fundi akacheka, "Mzee, mashine hiyo itaondoka na shetri, ikuache wewe na mashua nyuma." Mashine ya nje huning'inia kwenye ubao wa shetri, na nguvu zake zote husukuma pale pale. Walibishana siku nzima. Mwishowe tukatia ubao mnene wa shetri, ukakazwa kwa parafujo na vipande vya pembeni, tukafunga mashine ya farasi 5. Mlingoti na tanga tuliviacha, kwa siku ambayo mashine itagoma. Chini ya viti nilifunga madumu 4 matupu ya lita 20, yaliyozibwa sawasawa. Kila moja likizama huinua karibu kilo 20. Hata chombo kikijaa maji, watu watakuwa na kitu cha kushika.

Siku ya kushusha, maji yalipenya tena. Moyo ulinipasuka. Fundi akaniambia, "Ngoja, mwanangu. Mbao zinakunywa." Kweli, baada ya siku mbili zilivimba zikajifunga. Siku ya tatu tulitoka, tukapata changu wanne, na kopo langu la kufulia maji halikulowa. Tulipokuwa tukirudi babu alinipa usukani.

Tangu hapo, nikienda likizo, nashika kisu kabla ya kushika brashi ya rangi.

Mwanafunzi wa Kidato cha III